Goma: Sindano imelala kwenye sifuri, pikipiki inakimbia

Abiria anayepanda pikipiki pale Rond-point Signers aangalie kidogo juu ya bega la motari. Mara nyingi ataona sindano ya kipima mwendo imelala kwenye sifuri, huku upepo unampiga usoni. Wakaaji wa Goma wamezoea. Lakini mazoea hayo yanavunja watu miguu.

Kila ajali ikitokea kati ya Ndosho na Mugunga, maneno ni yale yale: motari alikimbia sana. Yeye akiulizwa alikuwa na kilomita ngapi kwa saa, hajui. Si kwamba anadanganya. Hana kitu cha kumwambia. Mtu atafuata vipi kipimo ambacho hawezi kukiona?

Sababu inajulikana kwa mafundi. Kwenye pikipiki nyingi za hapa, kipima mwendo kinaendeshwa na waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele. Mawe ya volkano yanatikisa gurudumu hilo kutwa, vumbi na matope vinaingia, waya unakatika. Pikipiki inaendelea kutembea, kwa hiyo hakuna anayeharakisha kuutengeneza. Tena waya ukikatika, hesabu ya kilomita nayo inasimama. Siku ya kubadilisha oili inakuwa ya kukisia, na anayenunua pikipiki iliyotumika anasoma namba ya uongo.

Hata kipima mwendo kizima kinaweza kudanganya. Ukiweka mbele tairi kubwa kuliko ile ya kiwanda, gurudumu linazunguka mara chache, na sindano inaonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Kanuni za kimataifa za watengenezaji zinaruhusu kipima mwendo kuzidisha kidogo. Kupunguza, hapana.

Wamotari wengi wanajibu kwamba wanajua mwendo kwa masikio na kwa mwili. Kwenye mawe ya Majengo wana haki: mwili unatikisika, mtu anapunguza mwenyewe. Lakini kwenye lami ya kwenda Sake mwili hausemi kitu. Pikipiki inateleza kama mtumbwi ziwani siku ya utulivu, na kilomita 60 kwa saa zinaonekana kama 40.

Wengine wanasema injini yenyewe ina kizuizi, haiwezi kupita kiasi. Hapo kuna kuchanganya mambo mawili. Kizuizi hicho, pale kilipo, kinakata moto wa plagi injini inapozunguka kupita kiasi, ili isiharibike. Kinalinda chuma, hakimlindi abiria. Kwenye gia ya kwanza, injini inaweza kulia hadi kikomo wakati pikipiki bado inatembea polepole. Kwenye gia ya mwisho inaweza kukimbia sana bila kukigusa. Na kwenye mteremko, hata mafuta yakipunguzwa, uzito wa watu watatu na gunia la makala unaisukuma.

Hesabu ni rahisi. Kwa kilomita 30 kwa saa, pikipiki inapita mita 8 kila sekunde. Kwa 60, ni karibu 17. Tena mwendo ukizidi mara mbili, mita za kusimama baada ya kushika breki zinazidi mara nne. Mtoto anayevuka barabara na bidoni ya maji hajui hesabu hiyo, lakini ni yeye anayeilipa.

Na wanaotembea kando ya barabara hiyo si wachache. Kambi kama Bulengo, Lac Vert na Rusayo zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, familia nyingi zilipakia magodoro yao kwenye pikipiki, au zikatembea kwa mguu kuelekea Masisi. Wengine wamebaki mjini kwa jamaa. Kwa mama aliyepoteza shamba na nyumba, mguu uliovunjika ni soko asilofika na watoto wasiokula.

Dawa si kumpiga motari faini peke yake. Pikipiki nyingi si zake: ana bosi anayengoja pesa kila jioni, na hiyo pesa ndiyo inayomkimbiza. Mwenye pikipiki anunue waya, ambao bei yake ni ndogo kuliko ya tairi. Vyama vya wamotari viangalie sindano kama vinavyoangalia kofia na jile. Fundi asifunge tairi kubwa bila kumwambia mteja sindano itasema nini.

Abiria naye ana neno. Kabla ya kupanda, aulize: “Kaka, sindano yako inatembea?” Kama haitembei, aseme bei ile ile, lakini polepole. Kwenye safari ya Sake, karibu kilomita 25, dakika chache za kuchelewa hazijamvunja mtu mguu.