Tunase Sauti za Wazee Kabla ya Kamusi



Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la wasomi wa vyuo vikuu peke yao, nalo ni namna ya kuhifadhi lugha ndogo zinazotoweka. Tanzania ina lugha zaidi ya 100. Baadhi zina wasemaji mamilioni, nyingine zimebakiwa na wazee wachache. Kiaasaks, lugha ya wawindaji wa nyika ya Wamaasai, ilimpoteza msemaji wake wa mwisho mwaka 1976.

Njia tuliyoizoea ni ya mtaalamu kufika na orodha yake. Huuliza "jicho" husemwaje, "maji" husemwaje, kisha hurudi chuoni, na baada ya miaka hutoka sarufi na kamusi. Siibezi kazi hiyo, maana wamisionari wetu waliifanya kwa jasho. Wamyaamia wa Marekani, ambao lugha yao haikuwa na msemaji hata mmoja mwishoni mwa karne ya 20, wanaifufua wakisaidiwa na kamusi zilizoandikwa kwa mkono na mapadre Wajesuiti yapata miaka 300 iliyopita.

Hata hivyo, kamusi haituonyeshi watu wanavyotaniana, wanavyofariji wafiwa, wala wanavyopatana mahari. Tena mwenye orodha huuliza yale tu anayoyajua. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, nchini Kenya, walikuwa wawindaji na warina asali. Walipogeukia ufugaji katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakachukua Kimaasai, lugha tajiri kwa mambo ya ng'ombe. Asiyejua nyuki angewezaje kuwauliza juu ya maneno ya mzingani, ambayo katika lugha yake mwenyewe hayapo?

Ndiyo maana napendezwa na njia nyingine. Huko Papua New Guinea, nchi yenye lugha zaidi ya 800, mtaalamu Steven Bird na wenzake walipeleka vinasa sauti vijijini mwaka 2010, wakawaachia wenyeji kazi. Mzee husimulia apendavyo. Msemaji mwingine husikiliza kipande kwa kipande na kurudia polepole, kwa matamshi ya wazi, kwa kuwa kinywa kisicho na meno humeza sauti nyingi. Kisha simulizi lote hutafsiriwa kwa mdomo katika lugha ya mawasiliano. Hakuna anayelazimika kuandika. Hata wasemaji wakiisha wote, atakayesikiliza baadaye atakuwa na ufunguo.

Kwetu ufunguo huo ni Kiswahili. Mara nyingi Kiswahili hulaumiwa kwamba kinazimeza lugha za makabila, na lawama hiyo si ya bure. Lakini hapa kinaweza kuwa mtumishi wao.

Wenyeji wa California wamekwenda mbali zaidi tangu miaka ya 1990. Mzee mmoja na mtu mzima mmoja aliye kijana kwake hukaa pamoja saa nyingi kila juma, wakipika, wakifua, wakitembea, na husema lugha ya mzee tu. Wapo watakaosema huko ni kufundisha, siyo kuhifadhi. Mimi naona ni hifadhi iliyo bora kuliko kabati lolote.

Yapo ya kuangaliwa. Mzee aelezwe sauti yake itakwenda wapi, na akikataa aheshimiwe. Mambo ya jando si ya kila sikio. Simu huharibika, kwa hiyo nakala ziwe zaidi ya moja, na mojawapo ibaki kijijini. Mwanzoni mwa kila simulizi yatajwe jina, mahali na tarehe. Sauti isiyo na hayo ni kama ubatizo usioandikwa kitabuni (makatekista wanajua usumbufu wake siku ya ndoa).

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo vijana wenye simu wapo, na wazee bado wapo. Mwenye miaka 85 asingojeshwe mpaka ufadhili upatikane. Aulizwe kwanza juu ya kazi aliyoipenda maishani, iwe mizinga, ufinyanzi au uganga wa mifugo. "Jicho" na "maji" yatajitokeza yenyewe humo ndani.