Kobe wa Bure Hayupo

Kuna imani iliyoota mizizi kuanzia Tanga hadi Nakuru kwamba sheria za wanyamapori zilitungwa kwa ajili ya tembo, faru na simba. Kobe anayezunguka uani, kinyonga kwenye mpera, chura wa bondeni, hao hawamo. Mtu akimwokota kobe shambani basi ni wake. Akimpa mtoto amchezee, hakuna ubaya. Akitokea mgeni wa kumnunua, hiyo ni riziki ya Mungu. Mwambie mwenye kobe huyo kwamba anahitaji kibali, atakuuliza kama serikali imekosa kazi ya kufanya. Na ukimtajia ada, karantini na cheti cha daktari wa mifugo, atakwambia huo ni unyang'anyi uliovaa tai.

Hoja hii huisikii kwa wasiosoma tu. Walimu wanayo, wafanyabiashara wanayo, na Watanzania na Wakenya wanaoishi Ulaya wanayo kwa namna yao: kwamba mjusi aliyeko dukani ana bei yake, ukishalipa umemaliza. Mimi naipinga yote. Mtambaazi yeyote anayefugwa ana gharama kubwa, na gharama hiyo ipo hata pale ambapo hakuna sheria. Kazi ya sheria ni kuamua nani ailipe. Mfugaji asipolipa, msitu unalipa, jirani analipa, na mara nyingi mnyama mwenyewe analipa kwa uhai wake.

Tuanze na sheria, kwa kuwa hapo ndipo watu hujidanganya zaidi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania Bara, Na. 5 ya mwaka 2009, haipimi ukubwa wa mnyama. Inasema wanyamapori ni mali ya umma, wamewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Nyara ndani ya sheria hiyo si jino la tembo peke yake. Ni mnyama mzima pia, awe hai au mfu, na hata yai. Adhabu hutofautiana kulingana na jedwali alimo mnyama na thamani yake, lakini mlango wa kuingilia mahakamani ni ule ule: kupatikana na nyara za serikali bila kibali. Zanzibar ina sheria zake, nayo pia haimwachi mtu ajichukulie tu.

Kenya ilitoa somo Mei 2025. Mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa sababu ya sisimizi. Wawili kati yao walikuwa vijana wa Kibelgiji waliokamatwa Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, ndani ya vichupa vyenye pamba ili waishi safarini. Walijitetea kwamba hawakujua ni kosa, kwamba ni mapenzi tu ya wadudu. Ikiwa sisimizi amefika huko, mwenye kobe kwenye karai asijipe moyo kwa sababu ya udogo wa mali yake.

Lakini sitaki kumtisha mtu kwa jela. Hofu ya jela haimfundishi mtu thamani ya kitu. Afadhali nimpeleke Changuu, kile kisiwa kidogo kilicho mbele ya Mji Mkongwe, Unguja.

Mwaka 1919 gavana wa Ushelisheli aliipa Zanzibar zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra. Walikuwa wanyama wa kigeni, walioletwa rasmi kutoka ng'ambo, na kisiwa kiliwafaa: kufikia katikati ya miaka ya 1950 walikuwa takribani 200. Kisha ikaanza ile tabia ya "si kobe tu". Wakabebwa mmoja mmoja, wengine kuliwa, wengine kuuzwa nje kwa wafugaji. Mwaka 1988 walikuwa wamebaki kama 100. Mwaka 1990 walikuwa 50. Mwaka 1996 wakahesabiwa saba. Mwaka huo huo vilipelekwa vitoto 80 kisiwani kuongeza idadi, na karibu nusu yao vikayeyuka. Kilichowaokoa ni gharama ile ile ambayo watu huiita usumbufu, yaani ua imara, walinzi na kumbukumbu ya kila mnyama. Leo mgeni anayeshuka kwenye boti analipa kiingilio, anapewa majani ya kulisha, na anaona umri wa kobe umeandikwa kwa rangi mgongoni. Namba ile ya rangi inaonyesha kwamba mnyama huyu anajulikana, na akitoweka kesho kuna atakayeuliza. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Changuu ilipoteza kobe karibu wote kabla ya kulifungua daftari.

Sasa tuingie Kimboza, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Huko kuna mjusi mdogo anayetoshea kwenye kidole, dume lake likiwa la buluu kali ambayo picha haiitendei haki. Wataalamu humwita Lygodactylus williamsi. Haishi popote ila katika vipande vichache vya msitu wa eneo hilo, tena juu ya miti ya jamii ya mkadi, katikati ya majani yake marefu yenye miiba. Msitu wa Kimboza wenyewe ni kama hekta 400. Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwisho wa 2004 na katikati ya 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa humo mijusi kati ya 32,310 na 42,610, kwa ajili ya masoko ya wafugaji ng'ambo. Na kwa kuwa mjusi hujificha juu penye miiba, njia ya mkato ilikuwa kuukata mti. Hivyo mnunuzi wa Ulaya aliyemweka mmoja sebuleni alikuwa amemlipia mjusi tu. Mti hakuulipia, wala mijusi ambao wangetaga juu yake miaka iliyofuata. Ilibidi kusubiri hadi 2016, mkutano wa Johannesburg, ndipo mjusi huyu akaingizwa kwenye Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, kinachozuia biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini.

Kuna wanaosema mikataba hii ni karatasi za wazungu. Wakumbuke kwamba Tanzania ni mwanachama, na kwamba kibali cha kusafirisha hata kinyonga wa kawaida wa Kiambatisho II hakipaswi kutoka kabla ya mamlaka ya kisayansi, ambayo kwetu ni Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), kuridhika kwamba uvunaji huo hauwamalizi waliobaki. Kuhesabu vinyonga kwenye mlima kunahitaji watu, mafuta ya gari na usiku mwingi wa kumulika vichaka kwa tochi. Pesa ya kazi hiyo lazima itoke mahali, na sioni nani anapaswa kuitoa kabla ya yule anayetaka kufaidi.

Tazama mnyama anavyosafiri pasipo gharama hizo. Mwanzoni mwa 2021 maofisa wa Austria walitangaza kwamba mtu mmoja alinaswa uwanja wa ndege wa Vienna akiwa na vinyonga 74 kutoka milima ya Usambara. Aliwaficha ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Wengine walikuwa na umri wa wiki moja tu. Kinyonga ni mnyama anayehitaji hewa inayopita, umande wa kulamba na tawi la kushika, na hawa walivuka bara zima wamekunjwa kwenye soksi. Watatu hawakupona. Thamani yao kwenye soko la magendo ilikadiriwa kuwa euro 37,000, na faini aliyokabiliwa nayo ilitajwa kuwa isiyozidi euro 6,000. Hapo sheria inastahili kulaumiwa kwa ulegevu. Faini ikiwa ndogo kuliko mzigo, mlanguzi ataihesabu kama nauli.

Imani nyingine ni kwamba mnyama akishafika nyumbani ni rahisi: kobe hula mabaki, chura hula nzi, gharama iko wapi? Jibu liko Kihansi, Tanzania. Vyura wadogo wa korongo la Kihansi, wanaozaa watoto hai badala ya kutaga, walikuwa wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipochukua maji, manyunyu yakakatika, na mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Bronx Zoo, New York. Wale ni watu wa kazi hiyo, wenye maabara na madaktari. Hata hivyo miaka michache baadaye walikuwa wamebaki chini ya 100, kwa maradhi na kwa kutofahamika vizuri jinsi ya kuwalisha na kuwamulikia. Ikawalazimu kujifunza kiwango cha mwanga, aina ya wadudu, unyevu wa kila saa. Porini wakatangazwa kutoweka mwaka 2009. Mwaka uliofuata wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamefungwa kuiga maporomoko. Chura mmoja wa ukubwa wa ukucha ameendeshewa mitambo ya namna hiyo, na bado kuna mtu anaamini kwamba ndoo yenye maji inatosha.

Kobe naye, akilishwa ugali na wali kila siku, gamba lake huota vinundu, hulainika na kupinda. Hilo si uzee. Ni lishe mbaya na ukosefu wa madini, na likishapinda halinyooki. Kwetu jua angalau ni la bure. Kwa ndugu aliyeko Oslo au Toronto jua hilo ni taa maalumu ya kununua, ambayo hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa hata kama bado inawaka, maana miale inayohitajika huisha kabla ya mwanga. Ongeza joto la usiku wakati wa baridi, daktari anayejua watambaazi (ambaye si kila mji unaye), na miaka 50 au zaidi ya maisha ya kobe.

Kisha kuna afya zetu. Marekani imezuia tangu 1975 kuuza kobe wa maji wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua salmonela. Mwaka 2016 nchi hiyo ikapiga marufuku uingizaji wa spishi 201 za salamanda, baada ya kuvu kutoka Asia, iliyosafiri na biashara ya wafugaji, kuwateketeza salamanda wa porini nchini Uholanzi. Anayelalamikia siku za karantini ajue zimewekwa kwa sababu hiyo.

Hoja moja tu ya upande wa pili inaniuma kweli: kwamba vibali ni vya matajiri, na mnyonge anaachiwa jela. Ni kweli kwamba ofisi nyingi hazibandiki ada mahali pa wazi, na mtu wa kijijini anaweza kuzungushwa mpaka akate tamaa. Hilo ni kosa la ofisi, na lirekebishwe. Lakini magendo hayakuwahi kumtajirisha mnyonge. Anayepanda mti wa miiba hupewa vijisenti, faida inabaki kwa mwenye tiketi ya ndege. Tena magendo humwangamiza mfugaji mwaminifu: Mei 2016, kufuatia kashfa za kutorosha wanyama, serikali ya Tanzania ilifunga usafirishaji wote wa wanyamapori hai nje ya nchi. Waliokuwa na mashamba, leseni na vitabu safi walifungiwa pamoja na wezi. Juni 2022 ikatangazwa ruhusa ya muda, nayo ikasimamishwa mara moja, wananchi wakiwa wamekuja juu. Imani ya umma ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Serikali zetu zitangaze kipindi cha watu kusalimisha au kusajili kobe walio majumbani bila kukamatwa, na ada ziandikwe ukutani katika kila ofisi ya wilaya. Na wewe unayesoma ukiwa na kobe uani, usimbebe usiku ukamtupe porini kwa kuogopa. Aliyeishi na kuku na mbwa anaweza kuwapelekea wenzake maradhi wasiyoyajua, na huenda pori hilo si la asili yake. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya, useme unaye, tangu lini na ulimpataje, uulize aendelee kukaa wapi.