Asili ni Ipi? Matoleo ya Messiah na Funzo Lake kwa Mwanafunzi wa Fasihi

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tumeitumia mno katika mijadala yetu, hasa tunapotaka kuikataa kazi ya sanaa ambayo tunahisi imebadilishwa. Katika makala haya ninakusudia kuuliza swali ambalo methali yenyewe hailijibu: je, iwapo asili ni zaidi ya moja, tufuate ipi? Mfano wangu nimeutoa katika muziki, nao ni Messiah, utungo mashuhuri wa George Frideric Handel ulioandikiwa kwaya, waimbaji wa pekee na okestra.

Wengi wetu tuliolelewa katika kwaya za shule na makanisa humu nchini tunaifahamu sehemu moja ya kazi hiyo, yaani Haleluya. Mimi nilijifunza sauti ya besi kwa noti za solfa zilizoandikwa ubaoni. Baadaye nilipata kaseti ya kazi nzima, iliyorekodiwa mwaka 1959 chini ya uongozi wa Sir Thomas Beecham. Okestra yake ni kubwa na matoazi yanarindima. Nikaamini kwamba hivyo ndivyo Handel alivyotaka.

Miaka ilipopita, rafiki yangu aliniazima kaseti nyingine, ya Christopher Hogwood na kundi lake la Academy of Ancient Music, iliyotolewa mwaka 1980. Sauti zilikuwa chini kidogo kuliko nilivyozoea, nikadhani betri za redio zimeisha nguvu. Lakini betri zikiisha nguvu wimbo huzorota pia, na huu ulikuwa ukienda mbio! Nilimrudishia mwenzangu kaseti yake nikamwambia, mbele ya watu, kwamba wanamuziki hao wameiharibu kazi ya Handel.

Waama, aliyekosea ni mimi. Sauti zilikuwa chini kwa sababu ala zilitiwa kwa kipimo kinachokaribia kile cha karne ya 18. Aidha, Hogwood alifuata onyesho la mwaka 1754 katika Foundling Hospital, makao ya watoto waliotupwa jijini London, ambako Messiah iliimbwa kuchangisha fedha. Kumbukumbu za malipo ya onyesho hilo zimehifadhiwa, nazo zinaonyesha kwamba wapigaji ala walikuwa takriban 40 tu. Matoazi niliyoyapenda hayakuwa ya Handel kamwe. Yalitiwa katika mpangilio mpya wa ala ulioandaliwa na Eugene Goossens kwa ajili ya rekodi ya Beecham. Nilikuwa nimeitetea nyongeza nikidhani naitetea asili.

Hata hivyo, ingekuwa kosa la pili kuhitimisha kwamba toleo la 1754 ndilo asili na mengine yote ni bandia. Handel aliitunga kazi hii mwaka 1741 kwa muda wa siku 24, akitumia maneno ambayo Charles Jennens aliyakusanya kutoka katika Biblia. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na tayari mtunzi alikuwa ameanza kuirekebisha ili ilingane na waimbaji aliowapata huko. Mwaka 1750 alimpata mwimbaji Gaetano Guadagni, naye akamwandikia upya wimbo unaouliza ni nani atakayeistahimili siku ya kuja kwake. Wimbo uliokuwa wa besi ukawa wa alto, na ndani yake mkatiwa sehemu ya kasi inayowaka kama moto unaotajwa katika maneno yake. Je, asili ni ule wa besi au huu wa alto? Mtunzi ni yule yule.

Handel alipofariki mwaka 1759, kazi haikusimama. Mwaka 1789 Mozart aliipanga upya kwa Kijerumani, akaongeza klarineti, filimbi na tromboni. Mwaka 1859, katika tamasha la kumkumbuka Handel kwenye Crystal Palace jijini London, kwaya peke yake ilikuwa na waimbaji zaidi ya 2,500. Mwaka 1992 wanamuziki Weusi wa Marekani walitoa albamu iliyoifinyanga upya kwa mitindo ya injili, jazi na soli. Kila kizazi kimeipokea kazi hii kama amana, kisha kikaitia mkono wake.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatupaswi kulishangaa jambo hili. Katika fasihi simulizi tumefundishwa kwamba fanani hubadilisha kazi yake kulingana na hadhira, mahali na wakati. La kusikitisha ni kwamba tunapoingia katika fasihi andishi tunalisahau somo hilo. Tunasoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika chapa moja, ile iliyopatikana maktabani, tukadhani ndiyo Al-Inkishafi yenyewe. Ilhali utenzi huo ulipitia mikono ya wanakili kabla ya kufika kwa wahariri, na matoleo ya Taylor (1915), Hichens (1939) na Allen (1977) hayalingani katika kila jambo. Mwanafunzi anayejenga hoja yake juu ya neno moja bila kulinganisha matoleo yuko katika hatari ile ile iliyonipata mimi na matoazi ya Goossens.

Sisemi kwamba matoleo yote ni sawa, au kwamba kila badiliko ni halali. La hasha! Ninalosema ni kwamba kabla ya kuhukumu tuulize maswali manne: ni nani aliyebadilisha, lini, kwa ajili ya nani, na kwa sababu gani? Badiliko la mtunzi mwenyewe halina uzito sawa na la mwanakili aliyechoka. Baada ya kuuliza, mtu ana uhuru wa kupenda apendalo. Mimi hadi leo naipenda Haleluya ya Beecham, lakini sasa najua ninachokipenda ni cha nani.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba mwanafunzi hana muda wa kusikiliza rekodi nne za kazi inayochukua zaidi ya saa mbili. Hoja hiyo ina mashiko. Lakini si lazima kusikiliza zote. Achukue wimbo mmoja katika rekodi mbili, au beti kumi za utenzi katika matoleo mawili, aziweke bega kwa bega. Ninawaomba walimu wetu wapendwa waliingize zoezi hilo katika mafunzo ya ushairi, hata kama ni mara moja kwa muhula.

Kuhusu rafiki yangu, nilimtaka radhi, tena mbele ya wale wale walioshuhudia ujuaji wangu. Kisha nikamwomba aniazime tena ile kaseti.