TUSIKATE MBELE YA KUHESABU



Wamoja katika internat wanasema ile miti mifupi ya juu ya kilima cha shule haina faida, basi ikatwe iwe kuni za jikoni. Wanasema imepindapinda, haitatoa mbao hata siku moja. Sisi hatukubali, na sababu tunazo.

Kule Uingereza, kwenye nchi ya juu ya Dartmoor, iko msitu mdogo unaoitwa Wistman's Wood. Uko karibu metre 400 juu ya bahari, katikati ya mawe makubwa. Miti yake ni mialoni, jina tunalolisoma katika Mwanzo, habari za Abrahamu. Upepo, baridi na udongo haba viliifanya kuwa mifupi na yenye kupinda. Katika 1866 bwana mmoja alipata ruhusa, akakata mmoja. Unene wake ulikuwa santimetre 23 tu, lakini ilionekana uko na miaka 163! Basi ufupi si utoto.

Tena, mwenye kupima msitu kama ule hatazami miti mikubwa peke yake. Anatafuta miche. Kondoo wanakula miche ya mialoni. Inayopona zaidi ni ile iliyojificha kati ya mawe. Asiyehesabu miche atasema msitu ni mzima, kumbe hauna watoto.

Hata kwetu, kwenye kichwa cha mlima Kahuzi, metre 3308, mimea ni mifupi kuliko ya chini. Nani atasema haina maana?

Tunaomba Bwana Prefe atupe Jumamosi mbili. Tutachukua kamba, tupime viwanja vya metre 10 kwa 10. Kila mti tutaandika jina lake, hata kwa lugha ya nyumbani, urefu wake, na unene wake kwenye usawa wa kifua. Miche yote tutaihesabu. Kaye itabaki biblioteki, ili wadogo wetu wapime tena viwanja vilevile.

Jikoni inahitaji kuni, ni kweli; hatusemi tule muhogo mbichi. Miche ikionekana mingi, tutakubali michache ikatwe. Ikikosekana, tupande kwanza. Shoka linamaliza mti kwa nusu saa, lakini halijui kuuliza umri wake.

Kwa niaba ya darasa la sita,
Kapita wa wanafunzi