Kulipia Mboga Kabla ya Mbegu
Mwaka 1986 mashamba mawili ya Marekani, Indian Line huko Massachusetts na Temple-Wilton huko New Hampshire, yalianza mtindo ambao mchagua nyanya wa sokoni angeukataa papo hapo: mlaji anatoa ahadi ya fedha mbegu haijaota, kisha msimu mzima anachukua fungu lake la mavuno. Temple-Wilton hawakupanga hata bei. Wanachama walisomewa bajeti ya shamba, kila mmoja akaahidi anachomudu, mwenye nacho akimbeba asiye nacho. Mkulima anapumua, kwani hakopi ili apande. Mvua ikikataa, hasara ni ya wote. Matango yakizidi, mtakula matango mpaka watoto wagome. Hapo, nadhani, ndipo wengi wanapochoka, maana kapu halikuulizi unapenda nini. Kabla ya kujiunga popote, mimi ningeuliza jambo moja tu: zao lilipoharibika msimu uliopita, wanachama waliambiwa lini? Sisi tuliozoea upatu tungeuelewa upesi mpango huu. Atakayepata taabu ni yule anayebonyeza maparachichi yote mezani, halafu ananunua moja.