SERIKALI ILIONDOA ORODHA, SISI TUKAILETA MADHABAHUNI



Kila mara matokeo ya KCSE yakitoka, makanisa yetu hapa Kariobangi hufanya jambo moja. Tunamwita mbele mwenye A, tunamvisha maua na medali, kina mama wanapiga vigelegele, simu zinapiga picha. Yule wa D+ amejificha kiti cha nyuma. Jumapili inayofuata haji. Na wewe huulizi yuko wapi.

Nami sijitoi. Maikrofoni nilikuwa nimeishika mimi. Nimetubu.

Mwaka 2014 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku kuorodhesha shule na watahiniwa bora kitaifa. Serikali ikaacha. Kanisa likaendelea!

Hebu piga hesabu. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa 962,512. Waliopata A ni 1,693. Hawafiki wawili katika kila elfu! Waliopata C+ kwenda juu, ile gredi ya kuingia chuo kikuu, ni 246,391. Hao wengine zaidi ya 700,000 ni watoto wa nani? Ni wetu.

Utaniambia, "Pastor, unapinga bidii." La! Aliyetia bidii apewe heshima yake. Lakini fungua Mathayo 25. Wa talanta tano alileta tano zaidi, wa mbili akaleta mbili zaidi. Soma mstari wa 21, kisha wa 23. Sifa ni ile ile! Bwana wao hakuwapanga nambari moja na nambari mbili. Aliyekemewa ni yule aliyefukia yake.

Na usikimbilie kusema wa D+ alifukia. Ulikuwa wapi alipokuwa akiuza sukuma wiki hadi usiku, akirudi nyumbani anapata stima imepotea?

Jumapili hii kidato cha nne wote watakuja mbele. Wote. Kisha kazi ianze. Wewe fundi wa Light Industries, chukua kijana mmoja umfunze kuchomelea. Wewe mwenye duka, pesa za keki na medali zigeuze karo ya chuo cha ufundi. Na wewe mzazi uliyemnunia mtoto tangu matokeo yatoke, usilale leo kabla hujamwambia kwamba bado ni wako.

Kama umeguswa, andika AMINA, kisha nenda ukaongee naye. Mbarikiwe.