Kanda za Bhalo zisituozee kabatini

Juma Bhalo alifariki 2014, Zein l'Abdin akamfuata 2016. Nyimbo zao nyingi bado zimo kwenye kaseti majumbani mwetu, na joto na unyevu wa pwani unazila. Tusitegemee huduma za muziki za mtandaoni. Kampuni ikiuondoa wimbo, umekwenda.

Njia nafuu ipo. Nakili kaseti kwenye kompyuta, hifadhi nyimbo kwenye diski, kisha ichomeke kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya Volumio, toleo la bure. Unganisha spika. Utachagua wimbo kwa simu kupitia Wi-Fi ya nyumbani, bila kula bando.

Nakala ya pili mpe jamaa akuwekee. Kaseti ikishakatika, hakuna dukani pa kuinunua tena.